Ziwa Lipo, Maji Hayapo: Tabianchi Isigeuzwe Kisingizio

Kuna jibu moja ambalo siku hizi linafunga kila mkutano. Ukiuliza kwa nini bomba la mtaa halijatoa maji kwa wiki ya pili sasa, utaambiwa ni mabadiliko ya tabianchi. Ukiuliza kwa nini nyumba za kando ya ziwa zimeingiliwa na maji, utaambiwa ni mabadiliko ya tabianchi. Ukiuliza kwa nini lambo la kijiji limekauka mapema kuliko miaka ya nyuma, jibu ni lilelile. Likishatamkwa, mwenyekiti hufunga daftari, wajumbe hutawanyika, na mwenye ndoo hurudi nyumbani na ndoo yake tupu.

Naomba nieleweke mapema. Simo katika kundi la wanaodai kwamba mabadiliko ya tabianchi ni hadithi iliyotungwa ng'ambo ili kutuzuia tusiendelee. Dunia imeongezeka joto, chanzo kikuu ni shughuli za binadamu, na sisi wa Kanda ya Ziwa tumo ndani ya matokeo yake hadi shingoni. Ninachokipinga ni jambo jingine: neno la kweli limeanza kutumika kwa kazi ya uongo. Zamani mradi ukishindwa tulisema ni mapenzi ya Mungu. Leo tunasema ni tabianchi. Katika kauli zote mbili hakuna mtu anayewajibika. Lakini kati ya wingu na ndoo ya mwananchi kuna watu wenye ofisi, mihuri, vipimo na bajeti. Makala haya yanawahusu hao, na yanatuhusu sisi tunaopaswa kuwauliza.

Ziwa linaloishi kwa mvua

Tuanze na ziwa lenyewe, kwa sababu wengi wetu tunaliona kila siku bila kujua linavyofanya kazi. Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na karibu nusu ya eneo hilo iko Tanzania. Kwa upana hakuna ziwa Afrika linalolishinda. Kwa kina, hata hivyo, ni ziwa la kawaida kabisa: wastani wake ni mita 40 tu, na pale penye kina kirefu zaidi ni mita 80 na kidogo. Ziwa Tanganyika lina kina kinachopita mita 1,400. Tanganyika ni kisima. Victoria ni sinia.

Jambo la pili ni muhimu zaidi. Tumezoea kudhani kwamba ziwa linajazwa na mito: Kagera unaotoka Rwanda na Burundi, Mara unaotoka Kenya, Simiyu unaoshuka kutoka upande wa Serengeti. Mito hiyo ina sehemu yake, lakini ni sehemu ndogo. Zaidi ya robo tatu ya maji yanayoingia ziwani huanguka moja kwa moja kutoka angani juu ya uso wa ziwa. Karibu kiasi hichohicho huondoka kwa njia hiyohiyo, kama mvuke unaopanda. Kinachobaki ndicho kinachotokea Jinja, Uganda, na kuuanza safari Mto Naili. Kwa hiyo, ukitaka kujua ziwa litakuwaje mwakani, tazama mbingu kabla ya kutazama mito.

Ziwa la namna hii ni jepesi kubadilika. Watafiti waliochimba matope ya sakafu yake walikuta ushahidi kwamba takriban miaka 15,000 iliyopita, katika kipindi cha ukame mkali, ziwa lilikauka na sehemu yake kuwa nchi kavu yenye nyasi. Sisemi kwamba litakauka kesho. Hakuna mtaalamu makini anayesema hivyo. Ninasema kwamba ule msemo wetu wa kila siku, kwamba "maji ya ziwa hayaishi", si sheria ya maumbile. Ni mazoea ya watu walioishi muda mfupi kando ya kitu chenye umri mrefu.

Milimita moja

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza darasani: "Mwalimu, kama ziwa hilo hapo tunaliona dirishani, kwa nini nyumbani tunanunua maji kwa dumu?" Swali hilo lina thamani kuliko ripoti nyingi nilizosoma, na linastahili kujibiwa kwa hesabu.

Chukua tabaka la maji lenye unene wa milimita moja tu kutoka juu ya ziwa lote. Tabaka hilo lina lita bilioni 68.8. Mtambo wa Capri Point una uwezo wa kuzalisha lita milioni 90 kwa siku, na mtambo mpya wa Butimba lita milioni 48. Jumla ni lita milioni 138 kwa siku. Gawanya. Milimita moja ya ziwa ingeitosha mitambo yote miwili, ikifanya kazi kwa uwezo wake wote, kwa karibu siku 500, yaani mwaka mmoja na miezi minne.

Sasa tazama upande wa pili. Jua na upepo huondoa ziwani, kwa njia ya uvukizi, takriban milimita 4 kila siku. Kwa maneno mengine, jua linakunywa kwa siku moja maji ambayo mitambo yetu miwili ingehitaji zaidi ya miaka 5 kuyavuta.

Hesabu hii inatufundisha mambo mawili kwa pamoja, na ni hatari kulichukua moja na kuliacha jingine. La kwanza: kiu ya Mwanza haisababishwi na upungufu wa maji ziwani. Aliyekosa maji Igoma au kwenye vilima vya Mabatini hakukosa kwa sababu ziwa limeisha. Alikosa kwa sababu ya pampu, umeme, bomba, tenki na mpango. Katika sensa ya 2012 wilaya za Nyamagana na Ilemela, ambazo ndizo jiji letu, zilikuwa na watu takriban laki 7. Katika sensa ya 2022 walipita milioni 1. Ongezeko hilo halikushuka kutoka mawinguni. Lilikuwa likionekana kila mwaka katika vyeti vya kuzaliwa, katika uandikishaji wa shule na katika vibali vya ujenzi, kwa yeyote aliyetaka kuliona.

La pili: sisi hatuwezi kulimaliza ziwa kwa ndoo zetu, lakini mabadiliko madogo ya mvua na joto yanaweza kulipandisha au kulishusha kwa kiwango ambacho hakuna mtambo unaoweza kushindana nacho. Hapo ndipo tabianchi inapoingia, na inaingia kwa uzito wote.

Mzunguko ulioongeza mwendo

Kanuni ya fizikia ni nyepesi. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Hewa yenye uwezo huo hunyonya unyevu zaidi kutoka kwenye udongo, mabwawa na majani wakati wa kiangazi, na ikifika wakati wa kumwaga, humwaga kwa pupa. Mzunguko wa maji haujasimama. Umeongeza mwendo, na umeongeza ukali katika ncha zake zote mbili.

Mkulima wa Kwimba au Magu hahitaji mhadhara wangu kulijua hilo. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki mvua za masika zimekuwa zikidhoofika tangu miaka ya 1980, wakati vuli ya miaka fulani inakuja na nguvu ya kutisha. Vuli ya 2019 ni mfano: maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalikuwa na joto kuliko upande wa mashariki ya bahari hiyo, mvua ikanyesha bila kipimo, na ziwa likaanza kupanda. Mwezi Mei 2020 kipimo cha Jinja kilivuka mita 13.4 na kuipita kidogo rekodi iliyowekwa 1964. Mwezi Mei 2024 rekodi hiyo mpya nayo ilivunjwa, kipimo kikafika mita 13.66.

Na tusisahau kilichotangulia. Kati ya 1961 na 1964, baada ya mvua kubwa zilizoanza mwaka uleule wa Uhuru wetu, ziwa lilipanda kwa takriban mita 2.5. Mwaka 2006 lilishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1920. Tofauti kati ya kimo cha 2006 na kile cha 2024 ni takriban mita 3, ndani ya miaka isiyozidi 18. Ziwa limekuwa na tabia ya kupanda na kushuka tangu zamani. Joto la dunia linaongeza nguvu katika bembea hiyo. Mpangaji wa mji anayesanifu gati, choteo la maji au barabara ya ufukweni kwa kutumia "kimo cha wastani" anasanifu kwa ajili ya ziwa ambalo halipo.

Funzo la 2006

Nataka kukaa kidogo kwenye mwaka 2006, kwa sababu ndio ushahidi wangu mkuu.

Ziwa liliposhuka, jibu la haraka lilikuwa ukame, na ukame ulikuwepo kweli. Lakini ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, na tangu 1954, lilipozinduliwa bwawa la Owen Falls ambalo leo linaitwa Nalubaale, mlango huo una komeo. Makubaliano ya wakati wa ukoloni kati ya Uingereza na Misri yaliweka utaratibu: maji yatakayofunguliwa yalingane na yale ambayo yangetoka yenyewe kabla ya bwawa, kulingana na kimo cha ziwa. Ziwa likishuka, punguza, likipanda, ongeza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya kituo cha pili cha Kiira kuongezwa na mahitaji ya umeme ya Uganda kukua, maji yalifunguliwa kupita utaratibu huo. Uchambuzi wa kitaalamu uliotolewa mwaka huo wa 2006 ulikadiria kwamba karibu nusu ya kushuka kwa ziwa kulitokana na ukame, na nusu nyingine kulitokana na maji yaliyofunguliwa Jinja kupita kiasi.

Nusu kwa nusu. Nusu ni mbingu, nusu ni mkono wa mtu kwenye komeo. Siwalaumu majirani zetu kwa kutaka taa. Mama wa Kampala anahitaji umeme kama anavyouhitaji mama wa Mwanza. Ninachouliza ni hiki: sisi wenye karibu nusu ya ziwa tulikuwa wapi? Mwaka huo nchi yetu ilikuwa katika mgao wa umeme, ukame ukiwa umepunguza maji katika mabwawa yetu wenyewe, na mjadala wa kitaifa ukamezwa na sakata la Richmond. Mjadala huo ulistahili. Lakini ziwa lilishuka, wavuvi wakazivuta mitumbwi yao juu ya matope, na swali la komeo likabaki la wataalamu wachache.

Tusijidharau, historia yetu katika suala la maji si ya unyonge. Mwaka 1962 serikali ya Mwalimu Nyerere ilitangaza kwamba Tanganyika haifungwi na makubaliano ya 1929 ambayo Uingereza ilikuwa imeipa Misri kauli ya mwisho juu ya maji ya Naili na maziwa yake. Kwa msimamo huohuo tulijenga mradi wa Ihelele, wilayani Misungwi, ambao mwaka 2009 ulizinduliwa na kupeleka maji ya ziwa Shinyanga na Kahama. Baadaye yakafika Nzega, Igunga na Tabora. Mei 2010 tulikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kutia saini Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Mto Naili mjini Entebbe, mkataba ulioanza kutumika rasmi tarehe 13 Oktoba 2024. Haki ya kuchota tumeipigania kwa nusu karne na zaidi. Haki ya kujua na ya kusema jinsi komeo la Jinja linavyofunguliwa na kufungwa hatujaipigania kwa bidii hiyo. Na kadiri tunavyopeleka bomba mbali zaidi na ziwa, ndivyo wananchi wa Tabora nao wanavyogeuka, bila kuulizwa, kuwa watu wa ufukweni.

Mita 60 kutoka wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa, kingo za mto au bwawa. Ni sheria njema. Inalinda maji dhidi yetu, na inatulinda sisi dhidi ya maji. Lakini niulize swali la mtoto: mita 60 kutoka wapi?

Fanya hesabu nyingine. Chukua ufukwe wenye mteremko mdogo, ambao kila ukienda mita 50 nchi inapanda kwa mita 1. Ziwa likipanda mita 3, maji yatasogea mita 150 kuelekea nchi kavu. Mtu aliyepimiwa kiwanja mwaka 2006, mita 100 kutoka majini, alikuwa ndani ya sheria kwa ziada ya mita 40. Kwa kimo cha 2024 nyumba yake imo majini. Hakuhama yeye. Ziwa ndilo lililomhamia, na lilifika mahali ambapo rekodi za 1964 zilikuwa zimekwisha kutuambia kwamba linaweza kufika.

Huyu mtu tunamwita nani? Katika hotuba nyingi anaitwa mvamizi. Pengine wapo wavamizi wa kweli, waliojenga usiku wakijua wanachofanya. Lakini wapo pia wenye hati, wenye risiti za kodi ya ardhi, waliowekewa nguzo za umeme na kuunganishiwa maji na mamlaka zilezile ambazo leo zinawataka waondoke bila senti. Aliyepima kiwanja alikuwa na wajibu wa kuijua rekodi ya 1964. Ikiwa hakuijua, ni uzembe. Ikiwa aliijua na akapima hivyohivyo, hilo lina jina jingine. Kwa vyovyote vile, gharama ya kosa hilo haiwezi kubebwa na mwenye nyumba peke yake halafu tukaiandika katika kitabu cha tabianchi.

Yanayoteremka kutoka milimani

Wingi wa maji ni nusu ya hadithi. Nusu ya pili ni usafi wake, na hapa tabianchi na mikono yetu zimeshikana kiasi kwamba ni vigumu kuzitenganisha.

Mwanza ni mji wa miamba. Maelfu ya kaya zimejenga juu ya vilima, katikati ya mawe, mahali ambapo shimo la choo haliendi chini kwa sababu chini kuna mwamba. Mvua ya kawaida ikinyesha, uchafu husogea taratibu. Mvua ya pupa, ile tuliyoieleza juu, huuzoa wote kwa saa moja na kuuteremsha mitaroni, kutoka mitaroni hadi Mto Mirongo, na Mirongo huumimina ziwani katikati ya jiji. Kwa upande wa Ghuba ya Speke, Mto Simiyu nao hushusha udongo na mbolea kutoka mashamba na machunga ya bara. Virutubisho hivyo ni chakula cha magugu maji, na ni chakula cha mwani ule unaoyafanya maji ya ghuba yawe kama supu ya kijani. Baadhi ya aina za mwani huo hutoa sumu, na zimewahi kupimwa na kuthibitishwa katika Ghuba ya Mwanza.

Joto linaongeza tatizo. Maji ya juu yakipata joto zaidi huwa mepesi, hayachanganyiki vizuri na ya chini, na hewa haifiki chini ipasavyo. Samaki hukosa oksijeni huko chini, mwani hustawi huku juu, na mtambo wa kusafisha maji hulazimika kutumia dawa zaidi kwa kila lita. Gharama hiyo hatimaye humfikia mwenye mita na mnunuzi wa dumu.

Ni kweli kwamba mabomba ya majitaka yameanza kupandishwa katika baadhi ya mitaa ya milimani, na jitihada hiyo inastahili sifa. Lakini tukipima kwa haki, fedha na fahari zetu ziko kwenye kuleta maji safi, si kwenye kuyaondoa yakishachafuka. Mradi wa maji safi huzinduliwa kwa ngoma. Sijawahi kuona ngoma ikipigwa kwa ajili ya bomba la majitaka.

Nani analipa?

Anayelipa kwanza ni aliye juu ya kilima. Maji ya ziwa hayapandi yenyewe. Yanasukumwa kwa umeme hadi kwenye matenki na ndipo yateremke majumbani. Umeme ukikatika, presha ikipungua, wa bondeni hupata kidogo na wa kilimani hukosa kabisa. Hapo huja mkokoteni na bodaboda yenye madumu, na lita ileile ambayo mwenye mita huipata kwa bei ya mamlaka, asiye na bomba huinunua kwa bei ya juu mara kadhaa. Maskini wa Mwanza anaishi mbele ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika na analipia maji ghali kuliko tajiri.

Anayelipa pili ni aliye mbali na ziwa. Katika vijiji vya ndani vya Misungwi, Kwimba na mkoa wa Simiyu, watu hutegemea visima vifupi, malambo na mito ya msimu. Sera ya Maji ya 2002 iliahidi kwamba mwananchi wa kijijini atapata maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Mzunguko wa maji ulioongeza ukali huipiga kwanza ahadi hiyo: mvua ya pupa hutiririka juu ya ardhi bila kuzama, kisima hakijazwi, na kiangazi kinapokuja, mita 400 hugeuka kilomita. Anayezitembea kilomita hizo mara nyingi ni msichana ambaye saa hiyo alipaswa kuwa darasani.

Najua kuna msomaji atakayesema: "Lakini sisi hatukuuchafua ulimwengu. Waliochafua walipe." Nakubaliana naye kabisa. Katika mkutano wa Sharm el-Sheikh, Novemba 2022, mataifa yalikubali kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu, na Tanzania ina kila haki ya kudai. Lakini mdai huenda na daftari. Tutadai fidia ya nyumba zilizozama ikiwa hatuna ramani ya mstari wa maji? Tutadai gharama za kusafisha maji ikiwa hatutofautishi kilichosababishwa na joto la dunia na kilichosababishwa na vyoo vyetu? Anayechanganya makosa yake na ya mwenzake katika hesabu moja hupoteza yote mawili.

Tudai nini?

Nina mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji muujiza.

Kwanza, kimo cha ziwa kinachopimwa Mwanza na kiasi cha maji kinachofunguliwa Jinja vitangazwe kila wiki, kwa Kiswahili, katika mbao za matangazo za kata na katika redio za mikoa ya ziwa. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria ipo hapahapa Mwanza. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ipo Kisumu. Waziri wa Maji alieleze Bunge, angalau mara moja kwa mwaka, kama utaratibu wa Jinja umefuatwa.

Pili, kila ujenzi wa umma ufukweni usanifiwe kwa kuzingatia kiwango cha chini cha 2006 na cha juu cha 2024, pamoja na nafasi ya ziada, kwa sababu rekodi zinavunjwa. Choteo la maji lisibaki juu likaning'inia ziwa likishuka, na kituo cha pampu kisizame likipanda.

Tatu, mstari wa mita 60 uanzie kwenye kimo cha juu kilichorekodiwa, uwekewe vigingi vinavyoonekana, na ramani yake ibandikwe katika kila ofisi ya mtaa. Wenye hati halali waliopimiwa ndani ya mstari huo walipwe fidia. Watakaojenga baada ya vigingi wasiwe na la kusema.

Nne, tuikinge mvua yenyewe. Paa la madarasa lenye mita za mraba 200, katika eneo linalopata milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, hupokea lita laki 2. Hata tukipoteza moja ya tano, zinabaki lita 160,000. Mwanza hupata mvua ya kiasi hicho. Shule, zahanati na ofisi ya serikali isiyo na tenki la maji ya mvua katika nchi yenye ukame na mafuriko kwa zamu ni kichekesho kilichojengwa kwa saruji.

Kwa ndugu zangu watumishi wa umma, ambao najua mnasoma na wengine mmepita mikononi mwangu darasani: siandiki haya kuwadhalilisha. Wapo kati yenu walioandika tahadhari na zikalala mafailini. Zifufueni. Kwa wanaharakati: bango lenye maneno "Okoa Ziwa" ni zuri, lakini bango lenye kimo cha ziwa na tarehe ni zuri zaidi, kwa sababu haliwezi kujibiwa kwa hotuba. Na kwa wanafunzi: jifunzeni kugawanya lita kwa siku. Demokrasia ya maji inaanza na hesabu.

Siku nyingine mkutano ukitaka kufungwa kwa neno tabianchi, nyoosheni mkono kabla daftari halijafungwa. Kubalini kwamba ni kweli, kisha ulizeni mambo matatu: jambo hili lilijulikana lini, lilijulikana na nani, na ofisi yake ilifanya nini tangu siku hiyo. Msikae chini mpaka mjibiwe.